Steringi Hafi, Lakini Anaumia

Aliye jikoni aisogeze redio karibu, aliye dukani amalize upesi na mteja wake, na wewe uliye safarini mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Leo nimekuja na jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu.

Leo tunazungumza filamu. Filamu moja tu, ya yule jasusi wa Kiingereza James Bond, inayoitwa Casino Royale. Ilitoka Novemba 2006, kwa hiyo si mpya, na wengi wenu mmeiona. Mimi niliitazama tena juma lililopita, usiku, watu wa nyumbani wamelala, nikaifikisha mwisho, dakika 144 zote. Ilipokwisha nikabaki kitini nawaza. Katika mlolongo wa filamu zaidi ya 20 za huyu Bond, kwa nini hii ndiyo ninayoirudia?

Nadhani jibu nimelipata, na nitawaambia. Lakini twende taratibu.

Mnavikumbuka vibanda vya video? Waliokulia Tanzania wanavijua kwa jina la vibanda umiza. Chumba cha mabati au mbao, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, joto, jasho, na mtafsiri anayeieleza filamu kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kila risasi na kila busu, kwa maneno yake mwenyewe. Ukiingia umechelewa, unamwuliza nini aliyekaa jirani? Unamwuliza, "Steringi nani?" Unaonyeshwa kwa kidole. Ukishamjua steringi unatulia, kwa sababu ile sheria tulikuwa nayo sote, mtoto na mtu mzima. Steringi hafi. Adui atapiga, atafunga kamba, atatega bomu, lakini steringi hafi.

Sheria ile ilitupa raha. Lakini nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye hoja yangu ya leo. Ilitupa raha na ikatunyang'anya hofu. Ukijua kwa yakini kwamba huyu hafi, basi hata kidonda chake hukioni. Anapigwa ngumi tano, anajipangusa mdomo, anarekebisha tai, anaendelea. Na Bond alikuwa bingwa wa hilo. Tangu filamu ya kwanza, Dr. No ya mwaka 1962, hadi ile ya mwaka 2002 ambayo jasusi anaendesha gari lisiloonekana kwa macho, miaka 40, Bond alikuwa mtu ambaye suti yake haikunjiki.

Casino Royale haikuigusa ile sheria ya vibandani. Steringi hafi. Lakini iliongeza neno moja: steringi anaumia. Anaumia mwili, anaumia moyo, na maumivu yenyewe hayaishi filamu inapoisha. Hiyo ndiyo hoja yangu, wasikilizaji, na nitairudia mpaka mniambie imetosha. Steringi anaumia.

Kwanza kidogo juu ya asili yake, tupite haraka. James Bond alibuniwa na Mwingereza Ian Fleming, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini la nchi yake. Riwaya ya kwanza kabisa ya Bond ndiyo hiyo Casino Royale. Aliiandika mwaka 1952 akiwa kwenye nyumba yake iitwayo Goldeneye, kisiwani Jamaica, ikachapishwa mwaka uliofuata. Sasa hapa pana jambo la kushangaza: kitabu cha kwanza kilikuwa miongoni mwa vilivyochelewa sana kuingia kwenye mfululizo wa filamu, maana haki zake zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Mwaka 1954 kiliigizwa kwenye televisheni ya Marekani. Mwaka 1967 kikageuzwa filamu ya kuchekesha. Watengenezaji wenyewe wa mfululizo, kampuni ya Eon, walizipata haki hizo mwaka 1999. Ndiyo maana hadithi ya jinsi Bond alivyoanza kazi imekuja kuwa filamu yao ya 21.

Na aliyeletwa kumwigiza ni nani? Daniel Craig. Mnakumbuka kelele zilivyokuwa? Nywele zake za rangi ya dhahabu, masikio yake, sura yake ya bondia. Magazeti ya Uingereza yalimcheka kabla hajapigwa picha hata moja ya filamu, na wapo mashabiki waliotangaza kuisusia. Mwongozaji alikuwa Martin Campbell, mzaliwa wa New Zealand, yule yule aliyemtambulisha Pierce Brosnan kwenye GoldenEye mwaka 1995. Yaani alikabidhiwa Bond mpya mara mbili, na mara zote mbili alijua la kufanya.

Haya, tuingie kwenye filamu yenyewe.

Inaanza kwa picha nyeusi na nyeupe, mjini Prague. Bond bado hajapata ile leseni ya kuua. Ili aipate, lazima awe ameua watu wawili. Tunaonyeshwa jinsi alivyomwua wa kwanza, ndani ya choo, kwenye masinki ya kunawia. Wasikilizaji, si pambano la kupendeza. Ni watu wawili wanaokabana, wanagongana na vigae, wanahema, na kuua kunachukua muda mrefu. Mtu hafi kwa ngumi moja. Muziki ule maarufu wa Bond hatuusikii. Tunasikia pumzi. Dakika chache tu za mwanzo, na tayari tumeshaambiwa kwamba safari hii kifo kina uzito.

Halafu ile mbio ya Madagaska. Hapa naomba tukae kidogo.

Bond anamfukuza mtengeneza mabomu aitwaye Mollaka. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Mfaransa Sébastien Foucan, mmoja wa waasisi wa ule mchezo wa kukimbia kwa kuruka kuta na mapaa. Wanaingia kwenye jengo linalojengwa, wanakwea winchi, wanarukia winchi nyingine, huko juu ambako hata kutazama unashika kiti. Foucan anakwenda kama paka. Anafika kwenye ukuta mwepesi wenye upenyo mdogo kwa juu, anajirusha, anapita bila kugusa kingo. Na Bond je? Bond anakuja nyuma yake na kuupasua ukuta wenyewe kwa mwili wake. Anatokea upande wa pili mzima mzima, vumbi jeupe limemjaa.

Umeiona hiyo? Hakuna neno lililosemwa, lakini tumeshamjua mtu huyu. Ana nguvu, ana ukaidi, hana wepesi. Atafika anakotaka kufika, na njia nzima itabaki imevunjika. Mwisho wa mbio hiyo anaingia ndani ya ubalozi wa nchi iitwayo Nambutu, nchi ya kubuni, anampiga risasi mtu aliyekwisha kumkamata, mbele ya kamera, na picha zinafika magazetini. Bosi wake, M, anayeigizwa na Judi Dench, anamkaripia kama mama anavyomkaripia kijana aliyeazima gari bila ruhusa akalirudisha limebonyea. Na ana haki. Katika filamu za nyuma Bond akivunja vitu sisi tulishangilia. Hapa tunaambiwa kwamba kazi imeharibika, na aliyeiharibu ni yeye.

Sasa, ndugu msikilizaji, nina neno kuhusu Uganda, na sitalipitisha kimya kimya kwa sababu tu filamu naipenda.

Mapema kabisa maandishi yanatokea kwenye skrini: Mbale, Uganda. Tunaona kambi ya waasi msituni, mvua, matope, bunduki. Kamanda wao, Steven Obanno, anayeelezwa kuwa wa Lord's Resistance Army, lile jeshi la Joseph Kony, anamkabidhi fedha mtu aitwaye Le Chiffre. Huyu Le Chiffre ndiye adui yetu, mtunza fedha wa magaidi wa dunia. Obanno anamwuliza kama anamwamini Mungu. Le Chiffre anajibu kwamba anachokiamini ni faida ya kiasi kinachoridhisha.

Wasikilizaji wangu mlioko Mbale, nawasikitikia. Mbale iko mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon, nchi ya Wagisu, nchi ya kahawa na migomba, si mbali na mpaka wa Kenya. Vita vya Kony, vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, makao yake yalikuwa kaskazini, Gulu na Kitgum, kwa Waacholi, kisha vikateremka hadi Lango na Teso. Je, ilikuwa kazi kubwa sana kufungua ramani? Na fedha nazo. Jeshi lile lilijulikana kwa kuteka watoto na kupora mihogo na mbuzi wa wanavijiji. Leo limekuwa mteja wa soko la hisa, lenye mamilioni ya dola ya kuwekeza!

Sisemi hivi kwa kutafuta makosa madogo. Miaka ile watoto wa vijiji vya Gulu walikuwa wakitembea kila jioni kwenda mjini, wakilala kwenye varanda na mahema, ili usiku wasije wakatekwa. Asubuhi wanarudi kwa miguu, wengine wanapitiliza shuleni. Mwaka 2006, filamu ikiwa karibu kutoka, wajumbe wa serikali ya Uganda na wa waasi walikuwa Juba, na mwezi wa Agosti walitia saini kusitisha mapigano. Kidonda kilikuwa kibichi. Filamu ikachukua jina la jeshi lile, ikachukua jina la Uganda, na wale watoto ikawaacha.

Na msitu wenyewe tunaouona, mnajua ulipigwa picha wapi? Uingereza, kwenye hifadhi ya miti ya Black Park, jirani na studio za Pinewood. Madagaska nayo ni Bahama. Mtu ataniambia, basi hata Montenegro, ambako kamari yenyewe inachezwa, si Montenegro. Ni kweli. Walipiga picha Jamhuri ya Cheki, katika mji wa Karlovy Vary. Lakini Montenegro imekopeshwa hoteli nzuri, bustani na garimoshi. Uganda imekopeshwa matope na bunduki. Hapo ndipo ninapoikataa filamu hii, na ninaikataa kwa moyo mzito, kwa sababu kila mahali pengine inajitahidi kuonyesha kwamba anayepigwa anaumia.

Ila nitamtetea mwigizaji. Obanno anaigizwa na Isaach de Bankolé wa Côte d'Ivoire, na kwa nafasi finyu aliyopewa amefanya kazi ya mtu mzima. Baadaye, fedha zake zikiwa zimepotea, anakuja hotelini kumdai Le Chiffre. Sauti yake ni ya chini, taratibu, na chumba kizima kinapoa. Unamwogopa kuliko unavyomwogopa Le Chiffre mwenyewe.

Fedha zilipoteaje? Kwa ufupi tu: Le Chiffre alizitumia kubashiri kwamba hisa za kampuni moja ya ndege zitaanguka, akapanga ndege yao mpya ilipuliwe uwanjani Miami. Bond akazuia. Hisa hazikuanguka. Zaidi ya dola milioni 100 za watu wabaya zikayeyuka usiku mmoja. Ndipo Le Chiffre, akiwa na roho mkononi, anaandaa mchezo mkubwa wa karata ili azirudishe. Kuingia tu mezani ni dola milioni 10. Serikali ya Uingereza inampeleka Bond amshinde, maana akishindwa atakimbilia kwao kuomba ulinzi na atasema yote anayoyajua.

Kitabuni wanacheza bakara. Kwenye filamu wamebadili, wanacheza poka. Wapo wapenzi wa kitabu waliolalamika, lakini mimi naona walibadili kwa akili. Poka inaeleweka hata kwa mtu ambaye maisha yake yote amecheza albastini. Kila mchezaji ana karata mbili anazozificha, na tano zinalala mezani wazi, kila mtu anaziona. Basi unachocheza hasa ni uso wa mwenzako. Ameshika nini? Anatudanganya? Kwa nini amegusa kipaji? Umekaa barazani ukacheza karata na watu unaowafahamu, si unajua? Yule akipata karata nzuri ananyamaza ghafla, yule anaanza kuimba.

Le Chiffre anaigizwa na Mads Mikkelsen wa Denmark, mtu mwenye jicho linalotoka machozi ya damu na kikopo cha dawa ya pumu mfukoni. Bond anaamini ameshaijua alama yake, ule mkono unaokwenda pembeni ya jicho kila anapodanganya. Anajiamini. Anaweka kila kitu. Anapoteza kila kitu. Alama ile ilikuwa mtego. Na hapo Bond anafanya jambo ambalo Bond wa zamani asingefanya: anakasirika kama mtoto, anachukua kisu cha mezani, anaondoka kwenda kumwua mtu kwa hasira. Mwamerika Felix Leiter ndiye anayemzuia na kumpa fedha za kurudia mchezo. Steringi ameokolewa kwa mkopo.

Lakini wasikilizaji, katika filamu yote kuna sehemu moja ambayo nikiambiwa nichague, nitaichagua hiyo, na haina bunduki wala karata.

Usiku ule wa Obanno, Bond anapambana naye kwenye ngazi za hoteli. Obanno ana panga. Ni pambano refu, la kuteremka ngazi kwa ngazi, na Vesper Lynd yuko pale pale. Vesper ni afisa wa hazina aliyetumwa kuzisimamia fedha za serikali, anaigizwa na Mfaransa Eva Green. Hajawahi kuona mtu akifa. Bond anamwua Obanno kwa kumkaba, taratibu, huku Vesper anatazama. Anasaidia hata kuigonga bunduki itoke mkononi mwa mtu yule. Baadaye Bond anasimama mbele ya kioo chumbani, shati lina damu, anakunywa pombe kama dawa, anajiosha, anabadili nguo, anarudi mezani. Kazi.

Anaporudi chumbani usiku, anamkuta Vesper amekaa chini bafuni, ndani ya gauni lake lile lile la jioni, maji ya bomba la juu yanammiminikia. Anatetemeka. Anasema anahisi mikono yake ina damu isiyotoka. Bond hamwambii ainuke, wala hampi hotuba. Anaingia na nguo zake mwilini, anakaa chini kando yake, maji yanawalowesha wote wawili. Anamshika mkono, anaviweka vidole vyake mdomoni, kimoja baada ya kingine, kana kwamba anaiondoa ile damu. Anamwuliza kama anaona baridi, anaongeza maji ya moto. Basi, hakuna zaidi.

Nani kati yenu hajawahi kukaa na mtu aliyefiwa, akajua kwamba maneno hayafai, akakaa tu? Sisi tunalijua hilo. Tunakwenda msibani, tunatandika mkeka, tunakaa. Sikutegemea kuliona kwenye filamu ya James Bond. Miaka mingi wanawake wa filamu hizi walikuwa pambo, wanaingia na kutoka, na hata humu kuna mmoja, Solange, anayekufa na hadithi inampita bila kugeuka nyuma. Sifurahii hilo. Lakini Vesper si pambo. Vesper ni mtu, na kwa sababu yeye ni mtu, Bond naye analazimika kuwa mtu.

Kuanzia hapo, narudia, steringi anaumia. Anawekewa sumu kwenye kinywaji, anajikokota hadi kwenye gari lake, moyo unasimama, anazinduliwa. Anashinda mchezo, halafu Vesper anatekwa, Bond anawafuata kwa gari, anamkuta amelazwa katikati ya barabara, anakwepa, gari linabiringika. Wakati wa kupiga picha ya ajali hiyo, gari liliviringishwa mara saba, ikawa rekodi ya dunia. Kisha anavuliwa nguo, anafungwa kwenye kiti kilichotobolewa, anapigwa kwa kamba yenye fundo mahali ambapo mwanamume yeyote anayenisikiliza amekwisha kukunja uso. Hayo Fleming mwenyewe aliyaandika kitabuni, watengenezaji hawakuyaongeza kwa ukatili wao. Bond hatoki pale kwa ujanja. Hana saa yenye miale, hana kalamu inayolipuka. Anaokoka kwa sababu wenye fedha zao wamekuja kumwua Le Chiffre, wakamwacha yeye. Tunamwona baadaye kwenye kiti cha magurudumu, bustanini, kando ya Ziwa Como.

Na anaacha kazi. Anaandika barua ya kujiuzulu, anakwenda Venice na Vesper. Hapa wapo wanaosema filamu inarefuka. Wanasema Le Chiffre amekufa, karata zimekwisha, twende nyumbani. Mimi nilipoitazama mara ya kwanza nami nilisema hivyo. Sasa sisemi tena. Bila Venice, hii ni hadithi ya mtu aliyeshinda kamari. Venice ndiyo inayotudai. Vesper amewasaliti: alikuwa na mchumba aliyetekwa, akalazimishwa kuzikabidhi zile fedha. Nyumba inazama kwenye mfereji, yeye amejifungia ndani ya kizimba cha lifti, Bond anavuta nondo chini ya maji, na Vesper anaubusu mkono wake kisha anarudi nyuma. Amechagua. Bond anamtoa, anamlaza juu ya paa, anajaribu kumrudishia pumzi. Hairudi.

Baadaye M anamweleza kwa simu kwamba usiku ule wa mateso, Vesper alikuwa ameununua uhai wake kwa fedha zile. Na Bond anajifanya hajali. Anatamka neno la kashfa juu ya marehemu, uso mkavu. Mtazame Craig hapo. Mtazame vizuri. Anasema kama mtu anayefunga bandeji kwa meno.

Lipo jambo la biashara linaloniudhi, nalo nitalisema. Kwenye garimoshi, Bond na Vesper wanapimana akili kwa mara ya kwanza, mazungumzo matamu kabisa, na katikati yake linapachikwa jina la kampuni ya saa. Tangazo. Ni kama mtu anasimulia kisa cha mapenzi halafu akuonyeshe risiti. Simu na kompyuta nazo zinapewa nafasi utadhani ni waigizaji. Filamu ya kiwango hiki haikustahili hayo.

Wasomaji wa riwaya zetu za upelelezi mtakuwa mmeshamfikiria mtu mwingine, si ndiyo? Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kijana mtanashati, hodari wa bastola, anapendwa na wanawake, hafi. Musiba alimpa Gamba kazi ya maana kwetu, kupambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na vitabu vile vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika. Ninavipenda. Nikiitazama Casino Royale najiuliza, ni lini atatokea mwandishi atakayemchukua jasusi kama Gamba, amketishe chini bafuni kando ya mtu anayetetemeka? Waandishi vijana mnaonisikiliza, nafasi hiyo iko wazi. Na mkiandika Uganda, mtaijua Mbale iko wapi.

Basi hukumu yangu ni hii. Casino Royale ndiyo filamu bora ya James Bond niliyoiona. Ina kosa la Uganda, na kosa hilo silisamehe. Ina matangazo yasiyo na haya. Lakini ni filamu iliyomchukua mtu wa bati, ikamtia damu. Jina lake kamili, lile jina analojitambulisha nalo kwa mbwembwe tangu mwaka 1962, hapa analitaja kwa mbwembwe hizo mwisho kabisa, amesimama na bunduki juu ya mtu aliyemlenga mguuni. Ndipo na ule muziki unapigwa. Amelipia.

Nimalizie na hili, na ambaye hajaona filamu za baadaye aniwie radhi, au azibe masikio. Mwaka 2021 Craig aliigiza Bond kwa mara ya tano na ya mwisho, katika No Time to Die. Mwanzoni mwa filamu hiyo yuko Matera, kusini mwa Italia, na anakwenda peke yake makaburini. Anasimama mbele ya kaburi la Vesper Lynd, miaka mingi baada ya Venice, na kumwambia kwamba anamkosa.

Na mwisho wa filamu ile ile, wasikilizaji wangu, steringi anakufa.